Mzee Ushuru na Mbu Abiria

Baba yangu alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa "hapa". Hapa hakuna mbu. Hapa mtu analala usingizi. Hapa watoto wanakua. Alilitamka huku akikanyaga ardhi kwa kisigino, kama fundi anayejaribu ubao wa sakafu kama umeshika. Ukimwuliza habari ya afya yake, anakupa habari ya mlima. Amefariki sasa, kwa uzee wake mwenyewe, na aliniusia mapema nisije nikamsingizia mbu msibani.

Mji wetu uko juu. Barabara ya kuja kwetu inajikunja na kujikunja mpaka masikio yanaziba. Baba na mama walipanda kabla sijazaliwa, kutoka bondeni, kwenye mji wa mto na joto, ambako baba alikuwa mpuliza dawa wa idara ya afya. Kazi yake ilikuwa kubeba bomba mgongoni, kuingia nyumba za watu na kupulizia kuta dawa ya mbu, chumba kwa chumba. Huko walizaa mtoto wao wa kwanza, dada yangu ambaye sikumwona. Malaria ilimchukua akiwa ndiyo kwanza anajifunza kusema. Baada ya maziko mama alimwambia baba maneno mawili tu: "Nitoe hapa." Baba naye akamjibu: "Nitakupeleka pasipo na mbu."

Basi akaacha kazi, akafunga mizigo, akampandisha mke wake mlimani. Juu huku hapakuwa na haja ya mpuliza dawa, kwa hiyo akaenda kusoma mita za maji. Ndugu zake walimcheka mpaka wakachoka, mtu aliyezoea kuitwa bwana afya leo anainamia mashimo ya mita na mijusi. Yeye hakujali. Alikuwa ametoa neno na neno limesimama, na katika maisha yake yote hakuna kitu alichokilinda kama neno lile. Bomba lake la zamani, walilompa siku ya kumuaga kazini kwa sababu lilikuwa linavuja, alilitundika stoo.

Sisi tuliozaliwa juu tulizaliwa na baridi, tukaiona ni ya nyumbani kama paa na mlango. Mafuta ya kupikia yaliganda kwenye chupa, na kila asubuhi mama aliisogeza chupa kando ya jiko kabla ya kukaanga chochote. Njiani kwenda shule tulishika penseli midomoni na kutoa mvuke, tukijifanya wazee wanaovuta sigara. Mama alikuwa mfumaji wa sweta za shule, mwenye duka lake dogo. Alikuwa na mashine ya kufumia mezani, inakwenda krr, krr kutwa nzima, nami nilikulia chini ya meza ile katikati ya mabonge ya sufu ya kijani. Watoto wote wa mji walipita mikononi mwake. Alikuwa akimpapasa mtoto kifua mara moja tu na kusema, "Wewe umekonda, mwambie mama yako." Na kweli alikuwa amekonda.

Mjomba wangu alipotutembelea kutoka bondeni, usiku wa kwanza aliuliza chandarua kiko wapi. Baba alicheka mpaka akashika ukuta. "Chandarua cha nini, shemeji? Unataka kuvua samaki?" Mama naye alicheka, kwa kujifunika mdomo. Kila nikikumbuka kicheko chake kile najua baba alikuwa anakifanyia kazi maisha yake yote.

Naitamani baridi ile, nasema wazi bila haya. Watu wa bondeni hawanielewi, wanaona nimepungukiwa. Natamani blanketi zito lililonuka moshi, natamani kugombania nafasi ya katikati kitandani, natamani hata ule ubishi wa nani ataamka kwanza kuwasha jiko.

Joto halikupiga hodi. Mwanzo mafuta yaliacha kuganda, na hakuna aliyesema kitu, kwani nani atalalamikia mafuta? Kisha mgomba wa jirani, ambao miaka yote ulikuwa wa majani tu, ukazaa, tukaenda kuushangaa kama bibi harusi. Mvua nazo zikaanza kuja wakati zisipoitwa. Halafu siku moja mwalimu mkuu akaja dukani, akazungukazunguka, akasema, "Mama, mwaka huu tumeamua sweta iwe hiari." Mama akamjibu vizuri, akamsindikiza mpaka mlangoni. Aliporudi akaifunika mashine kwa kitambaa. Mimi nikaanza kushona mashati ya mikono mifupi palepale dukani, maana tumbo haliulizi hali ya hewa.

Mbu wa kwanza nilimwona bafuni. Nikamwita baba. Akaja na miwani yake, akamsogelea. Mbu alikuwa ametulia ukutani, kichwa chini, mkia juu. Tangu utotoni baba alikuwa akitusimulia kwamba wa malaria ndiye anayekaa hivyo, mkia juu kwa kiburi. Nikamtazama baba. Baba akavua ndala, akampiga.

"Abiria huyu," alisema.

"Abiria wa wapi?"

"Wa lori la matikiti. Kapandia bondeni, kashukia sokoni, kapotea njia. Mbu wa kule hawezi kuzaa kwenye baridi hii."

"Baridi ipi, baba? Si umevaa fulana ya ndani peke yake?"

"Wewe mtoto una mdomo," alisema, akavaa ndala yake na kuondoka.

Wakati huo alikuwa amekwisha kustaafu, na mstaafu asiye na kazi ni hatari. Alishusha lile bomba stoo, akaziba panapovuja kwa kipande cha mpira wa baiskeli, akanunua dawa, akaenda kusimama sokoni malori yanapoegeshwa. Mimi duka langu linatazamana na soko, kwa hiyo niliyaona kwa macho yangu. Dereva wa matikiti alikuwa bado hajazima injini.

"Mzee, vipi tena? Unataka kuwapa watu matikiti ya sumu?"

"Matikiti yako siyagusi. Napuliza turubai, mkishalikunja chini, na pembe za lori likiwa tupu. Wewe teremka unyooshe miguu."

"Na nikikataa?"

"Ukikataa, wateremshe abiria wako mmoja mmoja nikague tiketi."

Wachukuzi walicheka mpaka mmoja akaangusha tikiti. Tangu siku hiyo akaitwa Mzee Ushuru, kwa kuwa hakuna mzigo uliopita bila yeye. Madereva walipofika kona ya mwisho walipiga honi na kupaza sauti, "Ushuru! Leo nimebeba ukoo mzima!" Naye akawapungia mkono kwa heshima zote. Jina lilimkaa, akalipenda. Mimi nilimtania kila siku. Mama peke yake ndiye hakumtania. Alikuwa anasema, "Mwacheni mzee na kazi yake," kisha anageukia mambo mengine.

Sasa niwaambie habari za binti yangu. Tulimwita Kasuku kwa sababu tangu alipojua kusema hakunyamaza. Chumba changu kilijaa vitambaa vya duka, kwa hiyo yeye alilala na bibi yake kwenye kitanda kikubwa, na baba akahamishiwa kitanda kidogo upande wa pili wa chumba hichohicho. Alimlalamikia kila aliyepita kwamba amepinduliwa na mtoto wa chekechea. Lakini jioni ukipita mlangoni unamsikia anamhadithia, na Kasuku anamkosoa, "Babu, jana hukusema hivyo!"

Asubuhi moja Kasuku aliamka kimya. Nyumba nzima tuligeuka kumtazama. Mwili ulikuwa wa moto.

Kwetu juu homa ina jina moja tu, baridi. Mtu akiumwa, kapigwa na baridi, na dawa ya baridi ni kumfunika. Hilo ndilo kosa letu sisi watu wa mlimani, tulilirithi na tukaliona ni hekima. Tulimvika sweta juu ya sweta, tukamfunika blanketi, tukamfukiza mvuke wa maji moto. Majirani wakaja, kila mmoja na nguo nzito mkononi. Mtoto anatokwa jasho na wakati huohuo anatetemeka, meno yanagongana. Baba akaweka kiganja kwenye paji la uso wake. Mtu huyu alikuwa ameingia nyumba zisizo na idadi za wagonjwa wa malaria. Akakiacha kiganja pale muda mrefu, kisha akasema, "Kichomi hiki." Mkono ulijua, mdomo ndio uliokataa.

Nilingoja kutwa na usiku wake nikimsikiliza, nikimwamini baba yangu. Kulipokucha nikambeba mtoto mgongoni kwenda kituo cha afya, baba nyuma yangu anahema. Tulipofika getini Kasuku akakakamaa, macho yakageuka. Degedege. Nilipiga ukelele ambao mpaka leo sijui ulitoka wapi mwilini mwangu.

Muuguzi alimchukua mikononi mwangu, akamtoboa kidole, akakitazama kipimo. "Malaria," alisema. "Na ni kali. Mmesafiri naye bondeni?"

"Hajawahi kufika hata kona ya kwanza ya barabara."

Baba akaingilia. "Nesi, huyo ni abiria. Wanakuja na malori. Mimi nawajua."

Muuguzi hakumcheka. Alikuwa anafunga dripu kwenye mkono mdogo ule, na alimjibu taratibu. "Mzee wangu, mwanzoni nasi tulidhani hivyo. Lakini wiki hii tuna watoto wengine wodini, na wote wanatoka mtaa wenu na mtaa wa matofali. Abiria gani hao wanaoshukia kituo kimoja?"

Nikamwuliza kama mwanangu atapona. Akasema dawa imeingia, tungoje, angeletwa mapema zaidi ingekuwa bora. Hapo roho yangu ikawa mkononi.

Mama akafika na shuka safi, amejifunga kanga vibaya kwa haraka. Baba akamwahi mlangoni. "Ni kichomi, mke wangu. Wanamtibu." Nilifungua mdomo. Baba alinitazama kwa macho ya mtu anayezama, nami nikaufunga. Mama akapita, akaketi kando ya kitanda, akaushika mguu wa mjukuu wake. Baba akageuka akatoka nje, nami, kwa hasira, nikamfuata.

Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye mashimo ya wafyatua matofali, yaliyochimbwa udongo mwaka hadi mwaka na kuachwa yakajaa mvua. Zamani maji yale yalikuwa ya kukata miguu kwa baridi, tulishindana nani ataweza kuyakanyaga. Baba akaazima upawa kwa mama anayewapikia wafyatuaji, akachuchumaa, akachota. Mimi nilitia kidole. Maji yalikuwa vuguvugu.

"Tazama," alisema. "Wanaoning'inia vichwa chini ni wa kelele tu. Hawa wamelala ubapa juu ya maji. Unawaona?"

Nikawaona. Viluwiluwi vidogo, vingi, vimejilaza chini ya uso wa maji, vinashtuka kivuli kikipita. Akachota tena mahali pengine, na pengine. Kila upawa ulikuwa nao.

"Abiria hazai," alisema. "Hawa wamezaliwa hapa." Akaketi juu ya matofali mabichi bila kujali suruali yake. "Nitamwambia nini mama yako?"

Nilipandwa na hasira. "Mwanangu yuko kwenye dripu, baba, na wewe unawaza aibu yako!"

"Si aibu, mwanangu. Tulimzika mtoto kule, na mama yako hakuwa na kitu kingine cha kushika ila neno nililompa. Ameshikilia hilo miaka yote hii. Sasa nikamnyang'anye?" Akaanza kulia. Sikuwa nimewahi kumwona baba akilia, na nilichukia kumwona. Nikakaa karibu naye juu ya matofali. Nilikuwa bado nina hasira, na pia nilikuwa nampenda.

Tuliporudi wodini mama alikuwa palepale, anamfuta Kasuku jasho. Mtoto amelala, anahema juujuu. Baba alisimama upande wa pili wa kitanda, kofia mkononi.

"Mke wangu, nimekudanganya. Si kichomi."

"Najua," alisema mama.

"Ni malaria."

"Nimekwambia najua. Nilimwona anavyotetemeka. Kwani mimi nimezaliwa juu?"

"Na mbu, mke wangu, mbu..."

"Wamo chumbani mwetu tangu sweta zilipoacha kununuliwa." Mama hakuinua macho, aliendelea kufuta. "Wewe masikio yamekuwa mazito. Mimi nawasikia. Kila alfajiri kabla hujaamka nawaua ukutani, nafuta damu kwa kitambaa cha sabuni. Ungeiona damu ile ungefunga mizigo tena utafute mlima mwingine, na magoti yako hayo. Nikasema, acha mzee wa watu aamini. Asubuhi ile mtoto alipoamka wa moto nilitaka kusema. Ukasema kichomi, nami nikataka sana kiwe kichomi."

Lahaula! Hapo ndipo nilipolipuka. "Nyie wazee! Mmoja anakagua malori, mwingine anasugua ukuta, na mwanangu amelala katikati yenu! Mficha ugonjwa kifo humuumbua, si nyie mlionifundisha?" Wodi nzima iligeuka. Muuguzi akanitazama kwa jicho la onyo. Nilitegemea mama anijibu, kwa maana mama hakuwa mtu wa kupaziwa sauti na mtoto wake. Badala yake akainamisha kichwa.

"Umesema kweli, mwanangu," alisema. Ingekuwa nafuu kama angenizaba kofi.

Tulingoja watatu, kila mmoja upande wake wa kitanda. Kasuku alifumbua macho kesho yake jua likiwa limeshapanda, akatutazama mmoja mmoja. "Mbona mmenuna?" aliuliza. Baba alitoka nje mbio kama mtu aliyeitwa. Mama akacheka, safari hii bila kujifunika mdomo, akacheka na machozi yanamtoka, nami nikamkumbatia mwanangu mpaka muuguzi akanikumbusha dripu.

Haukupita muda mrefu halmashauri ikaleta wapulizaji, vijana wenye mabomba mapya yasiyovuja. Vyandarua vikagawiwa, na wako walioviweka juu ya miche ya kabichi mpaka wakagombezwa. Vijana walikuja kumwomba baba awaongoze mitaani, maana milango yote ya mji aliijua kwa miaka ya kusoma mita. Wacha wee! Alivaa buti, akavaa barakoa, akabebeshwa bomba jipya, mgongo ukanyooka. Akawapanga vijana uani kwetu na kuwaambia wataanzia mtaa wa matofali, kisha wateremke sokoni.

Mama alikuwa anaanua nguo. "Na hapa kwetu?" aliuliza.

"Kwetu mwisho, mke wangu. Ndio utaratibu wa kazi. Mpulizaji nyumba yake huwa ya mwisho, watu wasije wakasema tunajipendelea."

Mama aliweka beseni chini. Alisema polepole, bila ukali, na vijana wote walisikia.

"Bondeni pia uliniambia hivyo. Ukapuliza nyumba za mji mzima, yetu ikangoja mwisho. Mvua ikawahi, dawa ikaisha, na mtoto wetu akafa kuta zetu hazijaguswa. Sikukulaumu siku ile, wala leo sikulaumu, maana ulifuata kazi. Lakini safari hii, baba watoto, anza na yetu."

Mimi nilikuwa mlangoni na gunia la vitambaa. Sikuwa nimelijua jambo hilo. Nilikuwa nimeishi nao maisha yangu yote, nikala nao, nikawatania, na hakuna aliyewahi kunidokezea. Nilimtazama baba nikaelewa kwa nini mtu anaacha kazi ya heshima akaenda kuinamia mita. Nikaelewa pia malori. Sikumtania tena.

Baba aliwaambia vijana wakae chini wangoje. Tukatoa vitanda, tukatoa godoro, tukatoa vyombo, mama mwenyewe akabeba mashine ya kufumia akaiweka kivulini. Baba akaingia peke yake. Nilimwona kupitia dirishani, anapuliza ukuta ule wa nyuma ya kitanda kikubwa kutoka juu mpaka chini, anarudi hatua moja pembeni, anaanza tena kutoka juu. Hakuruka hata pembe ya nyuma ya mlango. Uani Kasuku alikuwa mapajani mwa bibi yake, anauliza hili na lile.

"Bibi, unalia?"

"Silii, mjukuu wangu. Namngoja babu yako."

Alipotoka alikuwa amelowa jasho. Mama alimweka mtoto chini, akamwendea, akamfungua mikanda ya bomba kwa mikono yake, mmoja baada ya mwingine. "Asante," alimwambia. "Nimeingoja zamu hii muda mrefu." Kisha akamfuta uso kwa pembe ya kanga, akamwambia aende sasa, mtaa wa matofali watu wanamngoja.